Geti Lisilojua Kusema Karibu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na tisa bila Fyuzi. Si kwamba nahesabu. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa masjala, tarehe hujipanga zenyewe kichwani.

Leo limefika kasha kutoka kwa binti yangu. Anaishi mbali, safari ya siku nzima. Mwezi uliopita aliposikia nimeteleza kwenye mvua nikienda kufungua geti, alilia kwenye simu, kisha akaenda dukani. Ndani ya kasha: mota mbili zenye mikono mirefu, kisanduku cha umeme, betri, rimoti mbili na kitabu cha maelekezo chenye lugha kumi na moja. Yetu haimo. Ila michoro ipo. Kuna bwana anatabasamu, anabonyeza rimoti, geti linafunguka lenyewe. Yuko peke yake kwenye kila ukurasa lakini haonekani kuwa na shida.

Binti amesisitiza nimwite fundi. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Fundi yupo. Anakaa mkabala na mimi, hatua ishirini na nane kutoka geti langu hadi baraza lake. Fundi umeme mstaafu, mtaa mzima unamwita Fyuzi. Kwa miaka tisa alikuja kwangu kila siku saa kumi alasiri kucheza dama. Mpaka siku ile alipoinuka kwenda kunawa mikono, akarudi akakuta kete yangu moja imesogea. Nikamwambia ni upepo. Akaiangalia. Kizibo cha soda, ndiyo, lakini siku yenyewe hata jani halikutikisika. Akasema basi huo upepo ndio uwe unakuja kucheza na mimi. Akaichukua kete ile ile, kizibo chekundu, akaitia mfukoni kama ushahidi, akaondoka.

Kwenda kwake kuomba radhi haiwezekani. Kwanza, ulikuwa upepo. Pili, aliyeondoka ndiye anayerudi.

Mpango huu hapa. Fyuzi hawezi kuona waya umeungwa vibaya akanyamaza. Hata siku tuliyomzika mke wangu alipanda ngazi na koti lake la msiba kurekebisha taa ya uani. Kwa hiyo sitamwita fundi yeyote wa umeme. Nitafunga mota mwenyewe, pale pale getini, saa kumi kamili, mbele ya macho yake. Atakuja mwenyewe kunikosoa. Akishavuka mstari wa geti, amerudi. Nitampa kiti kana kwamba hakijatokea kitu.

Akili ni mali.

Jumanne, 4 Juni

Mchomeleaji amekuja kuchomelea vishikio vya mota. Geti langu ni la nondo, lina mabawa mawili, yote hufunguka kuja ndani. Alisukuma bawa moja kwa mkono, likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akasema mzee wangu, geti linaloushinda mkono litaishinda na mota, tuanze na grisi kwenye bawaba. Nikamkubalia kwa ile sauti niliyokuwa nawaambia watu kwamba faili lao linatafutwa.

Grisi haikupakwa. Grisi haionekani kutoka barazani kwa Fyuzi.

Saa kumi alikuwa amekaa na gazeti lake. Nilipiga nyundo saa nzima. Nusu ya muda huo sikuwa na msumari. Gazeti halikushuka. Lakini pia hakufungua ukurasa hata mmoja, na hilo nimeliweka kwenye kumbukumbu.

Jioni nimecheza dama peke yangu. Nimefungwa.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi ya waya imekamilika. Nilifuata michoro, isipokuwa ukurasa wa tisa, ambao niliutumia kuwekea birika la chai. Saa kumi na dakika tano nikasimama katikati ya njia, nikainua rimoti juu ili ionekane, nikabonyeza.

Bawa la kulia likafunguka kwa adabu. La kushoto likajikaza kubaki limefungwa, likaguna. Nikabonyeza tena. La kulia likafunga, la kushoto likafunguka. Kama wanandoa wasiosalimiana.

Fyuzi alisimama! Gazeti lilianguka. Alishuka barazani, akatembea hatua kumi na nne hadi katikati ya barabara, mikono kiunoni. Nikainamia kitabu cha maelekezo, lugha ya saba, nikawa nasoma kwa bidii. Nilipoinua macho alikuwa amegeuka, anarudi kwake.

Niliumia. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma hapa: niliumia.

Baadaye akapita Mama Maziwa, anayetuletea maziwa mtaa mzima kwa baiskeli, anakusanya chupa tupu. Akasema ametumwa na mzee wa ng'ambo kuniambia nyaya za mota ya kushoto zimegeuzwa. Nikamwambia amwambie nimezigeuza makusudi, nafanya majaribio. Akavuka barabara, akarudi. Mzee amesema sawa. Kisha akaongeza la kwake: ana chupa arobaini za kukusanya, na sisi tuna midomo, kila mtu wake. Sikulitia maanani.

Fyuzi alipoingia ndani kula, nikazigeuza nyaya.

Ijumaa, 7 Juni

Linafanya kazi! Mabawa yote mawili! Linafunguka, linasubiri sekunde kumi na tano, linafunga. Nimelifungua na kulifunga mara thelathini na mbili. Bawaba zinalia, lakini hata mimi magoti yanalia na sijafukuzwa.

Asubuhi Mama Maziwa alikuja kama kawaida, akapaza sauti, hodi mzee. Zamani ningevaa kandambili, nikatembea hadi getini, naye angeniambia nani anaumwa na nani kahama. Leo nilibonyeza nikiwa kitini. Geti likafunguka, akaweka chupa ndani, akaona linataka kumfungia, akatoka mbio. Hatukuonana.

Zimeokolewa dakika sita. Sijui nizipeleke wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja!

Saa kumi kamili. Nilikuwa dirishani, bahati tu. Nikamwona anavuka na lile shati lake la mikono mirefu, la siku za heshima. Ubao wa dama ulikuwa umeshapangwa mezani, nao bahati tu. Akasimama mbele ya geti akasema, hodi.

Nikabonyeza rimoti. Geti likafunguka kwa fahari yake yote. Njia nyeupe hadi mlangoni. Nikakaa vizuri kitini, nikakunja nne, nikatazama mlango kama mtu mwenye shughuli nyingine.

Hakuingia. Alisimama pale pale, geti wazi mbele yake. Sekunde kumi na tano zikaisha, likamfungia usoni. Akasema hodi tena. Nikabonyeza tena. Likafunguka, akasimama, likafunga. Mara ya tatu hodi yake ilikuwa ndogo. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Likafunguka, likangoja, likafunga. Nilipochungulia dirishani alikuwa ameshafika katikati ya barabara.

Alitaka nini zaidi? Apigiwe ngoma? Nimemfungulia mara tatu, mtu mzima, akagoma kupita. Nimeudhika sana. Nimevua viatu.

Nilikuwa nimevaa viatu ndani ya nyumba. Nalo liingie kwenye kumbukumbu.

Jumapili, 9 Juni

Binti hupiga simu kila Jumapili. Amefurahi geti limekubali. Akauliza nani alilifunga, nikamwambia wataalamu. Kisha nikamsimulia ukorofi wa Fyuzi.

Akauliza kama niliitikia. Nikamwambia nilifungua. Akasema hapana Baba, hodi yake, uliiitikia? Nikamwambia geti lilikuwa wazi, mtu ana macho. Kisha akasema taratibu kwamba Mama ndiye aliyekuwa akiitikia.

Ni kweli. Sikuwahi kuliwaza. Miaka thelathini na minne, hodi ikipigwa, sauti ilitoka jikoni kabla sijainua kichwa: karibuuu, pita ndani. Mwiko mkononi, hajui hata ni nani. Mdai, ndugu, mtu aliyepotea njia, wote walikaribishwa. Mimi nilikuwa nawakuta tu wamekaa. Na alipofariki, miaka mitatu sasa, Fyuzi hakuhitaji kupiga hodi. Nilikuwa nakaa uani alasiri, geti wazi, ubao umepangwa, tunaonana tangu akiwa barazani kwake.

Mama Maziwa ameleta maelezo ya upande wa pili bila kuulizwa. Fyuzi amesema geti si mtu. Amesema anayeingia mahali kwa sababu pako wazi ni mbuzi, na kwamba mtu mliyegombana naye huwezi kupita kwake mpaka asikike kwa mdomo wake.

Simu ya binti niliikata kwa kumwambia nina kazi. Sikuwa na kazi. Nyumba ilikuwa kimya sana baada ya simu.

Jumanne, 11 Juni

Geti limeanza kufunguka lenyewe. Mara ya kwanza saa mbili asubuhi. Nikavaa shati, nikatoka. Hakuna mtu. Likafunga. Saa tatu kasoro, tena. Shati lilikuwa bado mwilini, nikatoka haraka zaidi. Hakuna mtu.

Hadi jioni limefunguka mara kumi na moja. Mara kumi na moja nimetoka kuangalia nani amekuja. Mara ya tisa nilijiambia sitoki. Nikatoka.

Nimefungua kisanduku cha umeme kwenye nguzo, upande wa ndani. Kuna mjusi. Kisanduku kina joto, amejipatia pa kulala, na akigeuka ubavu anakanyaga mahali, geti linafunguka. Ukurasa wa tisa, ambao nimeufuta chai, unaonyesha mpira wa kuziba tundu la waya. Huo mpira nimeuweka chini ya mguu wa meza ya dama isiyumbe.

Sikumtoa. Angalau yeye ameingia bila masharti.

Alhamisi, 13 Juni

Aibu. Naandika kwa kifupi. Hapana, naandika yote.

Asubuhi nataka kwenda kununua mkate, nabonyeza rimoti, kimya. Nabonyeza kwa kidole gumba, kimya. Kumbe kitu kimeungua kisandukuni na geti limekufa likiwa limefungwa. Mikono ya mota imeshika, huwezi kusukuma. Kuna ufunguo wa dharura wa kuiachia. Ufunguo huo niliutundika kwenye msumari nguzoni, upande wa nje, kwa sababu nilijua wakati wa dharura watu hutoka nje kuja kukuokoa. Nilinyoosha mkono kupitia nondo. Ulipungua shibiri moja.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikumwita mtu. Nilisimama pale nikipiga mluzi kama mtu anayependa tu kusimama hapo.

Fyuzi alikuja na mfuko wake wa vifaa. Akasimama mbele yangu, nondo katikati, pua kwa pua. Akasema, hodi.

Nikamwambia geti limekwama. Akasema hodi. Nikamwambia si unaniona, nipo hapa. Akahamisha mfuko mkono wa pili, akasema hodi mara ya tatu, kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa ajaribu kidogo tu.

Neno lilikuja. Nakiri hapa, lilifika kooni. Lakini hiyo haikuwa kazi yangu kamwe, ilikuwa ya marehemu, na ofisini nilijifunza jambo moja: mtu akishika kazi ya mwingine hata kwa siku moja, ile nafasi inaandikwa imejazwa. Nikasema ufunguo uko kwenye msumari.

Akautazama muda kidogo. Akauchukua. Akapitisha mikono kwenye nondo, akaziachia mota zote mbili, akasukuma mabawa kwa kiganja. Yalilia. Akatoa kopo la grisi, akapaka bawaba nne, zote kutokea nje. Akaniambia nifungue kisanduku, nikafungua. Mjusi alikuwa ndani, amekauka. Fyuzi alinyoosha mkono kuizunguka nguzo, akabadilisha fyuzi iliyoungua, geti likafufuka. Muda wote huo hakuvuka mstari. Nilikuwa naangalia viatu vyake. Ncha zilifika pale pale, hazikupita hata unene wa kucha.

Akanikabidhi ufunguo mkononi. Akasimama. Akangoja.

Nikasema, asante fundi.

Fundi! Miaka tisa sijawahi kumwita fundi. Akaingiza mkono mfukoni, kitu kikagonga funguo zake, akautoa mkono mtupu. Akaniambia grisi kila baada ya miezi mitatu, akavuka barabara.

Mjusi nimemzika chini ya ua.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeamka nikiwa na jibu. Sijui kwa nini sikuliona tangu mwanzo.

Fyuzi ana hoja. Geti langu linafungua tu, halisemi kitu. Hicho ndicho kinachokosekana. Basi lisemeshwe!

Nimekwenda kwa fundi simu mwenye kibanda karibu na duka la mikate. Ana kengele za kusema. Unarekodi sauti yako, unaiunga kwenye kisanduku, geti likianza kufunguka kengele inatamka. Nimemwambia sauti iwe kubwa, kuna mgeni mmoja mkaidi. Nimechukua moja, akanionyesha jinsi ya kurekodi mwenyewe nyumbani, mahali palipo kimya. Nikamwambia nyumbani kwangu ukimya si tatizo.

Fyuzi atapiga hodi. Nitabonyeza. Atasikia karibu kwa sauti yangu mwenyewe, kama alivyotaka, na mimi nitakuwa sijasema chochote. Wote tutakuwa tumeshinda.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya thelathini na moja.

Nimerekodi tangu baada ya chakula cha mchana. Si kazi rahisi. Karibu ya kwanza ilitoka kama naita faili namba. Ya pili kama askari. Ya sita ilikuwa na kikohozi. Ya kumi na mbili ilikuwa nzuri lakini nilisikika nimekaa.

Nikajaribu ya marehemu. Ile ndefu, karibuuu, pita ndani. Nilisimama mlangoni mwa jikoni, nikashika mwiko kabisa ili itoke sawa. Mara tatu ilikatika katikati, hapo kwenye kuvuta. Vumbi la jikoni. Nikanywa maji, nikakaa chini kidogo kwenye kile kigoda chake, nikainuka.

Kama saa kumi hivi ilianza kukubali. Nikawa nimefika pazuri kabisa, sauti ya joto, haikati, ndipo mtu akaanza kupiga hodi nje. Ikaingia kwenye rekodi, ikaharibu kila kitu. Nikaanza upya. Hodi tena! Nikafungua dirisha la jikoni, ambalo linatazama ukutani, nikapaza sauti kwamba kama ni muuza mafagio angoje, nina shughuli, narekodi karibu. Nikafunga dirisha. Nikavuta pumzi. Ilipigwa mara moja zaidi, ndogo, nikaziba dirisha kwa mto. Kisha kukawa kimya, na karibu ya arobaini na moja ikatoka safi. Ukiisikia unaweza kudhani nyumba ina watu.

Nikaenda kuifunga getini. Nje hakukuwa na mtu. Ila juu ya nguzo, pale kwenye msumari wa ufunguo, kulikuwa na kizibo cha soda. Chekundu. Kimefutwa kikang'aa.

Kwa hiyo amesalimu amri! Amekuja kurudisha ushahidi. Nilijua mbinu itafanya kazi, ingawa bado sijaiwasha. Sijui amekiweka saa ngapi, nilikuwa na shughuli. Barazani kwake kiti kilikuwa kimegeuzwa kuelekea ukutani na mlango umefungwa. Nikafikiria kuvuka. Ni hatua ishirini na nane tu. Lakini ni upumbavu kwenda kupiga hodi kwa mtu wakati una kengele mpya ya kumkaribisha. Nitamngoja kesho saa kumi. Siwezi kumharibia.

Nimekirudisha kizibo kwenye ubao. Kete zimetimia kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Kabla jua halijazama nikaifanyia majaribio. Nikatoka nje na rimoti, geti likafunga nyuma yangu. Nikasimama pale anaposimama yeye, nikapiga hodi, nikabonyeza. Bawaba hazilii tena. Mabawa yakafunguka na ile sauti ikasema karibuuu, pita ndani.

Nikaingia. Nikatoka, nikapiga tena. Nimekaribishwa mara kumi.